Daftari la mizani ya ufuta: shajara ya mradi

18 Mei

Leo nimeanza rasmi kuandika programu ya kusoma daftari la mizani la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima ambacho mjomba wangu ni karani wake, huku Mtama, mkoani Lindi. Msimu wa ufuta umekaribia. Wakulima wameshakata na kusimamisha matita juani, na muda si mrefu watakung'uta, watapeta na kuanza kuleta magunia. Kila mzigo unaopita kwenye mizani huandikwa mstari mmoja: tarehe, namba ya mkulima, jina, idadi ya magunia, uzito ghafi, na uzito wa magunia matupu, ambao hutolewa ili ubaki uzito halisi wa ufuta. Baada ya hapo mzigo hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na mkulima hulipwa mnada ukishapita. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo kuna siku za kusubiri, na katika siku hizo mjomba huulizwa swali moja tangu asubuhi hadi anapofunga mlango: nimeshalipwa kilo ngapi, na zimebaki ngapi?

Programu inatakiwa kujibu swali hilo. Nimechagua Python, lugha iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku na kwa sababu katika lugha hiyo kipengele chochote cha orodha, au sehemu yoyote ya orodha, hupatikana kwa alama chache sana ndani ya mabano ya mraba. Ufupi huo ndio nitakaoufuatilia katika shajara hii, kwa kuwa programu nzima, ukiiangalia vizuri, haina kazi nyingine zaidi ya kuchukua kitu sahihi kutoka katika nafasi sahihi ya orodha.

20 Mei

Mjomba ameketi nami barazani akaona nimeandika mstari huu kwa ajili ya mkulima mmoja wa mfano:

    uzito = [62, 48, 71, 55, 40]

Nikamwonyesha kwamba mzigo wa kwanza, ule wa kilo 62, unaitwa uzito[0], na kwamba uzito[1] ni kilo 48. Akaniuliza, "Mjomba, sifuri inatoka wapi? Mtu akileta mzigo wake wa kwanza mimi siandiki mzigo wa sifuri." Swali lake ni la haki, na sikutaka kumjibu kwamba ndivyo kompyuta zilivyo, kwa kuwa jibu la namna hiyo halimsaidii mtu kukumbuka.

Nilimkumbusha foleni ya mizani. Ukimwuliza kila aliyesimama, "Wangapi wako mbele yako?", wa kwanza atajibu kuwa hakuna, wa pili atasema mmoja, wa tatu atasema wawili. Namba iliyo ndani ya mabano ndiyo jibu la swali hilo, si cheo cha mtu katika foleni. Ndivyo ilivyo hata ndani ya mashine: Python huhifadhi marejeo ya vipengele vya orodha katika nafasi zinazofuatana kwenye kumbukumbu, na namba unayotaja ni hatua za kuruka kutoka mwanzo. Cha kwanza hakihitaji kuruka hatua hata moja. Kwa sababu hiyo pia kukifikia kipengele cha mwanzo na kukifikia cha elfu nne huchukua muda uleule, jambo ambalo lina maana kwangu nikifikiria daftari la msimu mzima.

Jioni nimetambua kwamba Kiswahili chenyewe kinahesabu hivyo siku zijazo. Leo haina umbali wowote; kesho ni hatua moja, keshokutwa ni mbili, mtondo ni tatu, mtondogoo ni nne. Ukiziweka siku hizo tano katika orodha kwa mpangilio huo, siku[0] ni leo na siku[4] ni mtondogoo, na hakuna anayelazimika kutoa moja kichwani. Si lugha zote za programu zinazofuata njia hii, kwani Lua na R huanzia moja, lakini mtu aliyezaliwa katika lugha yenye mtondogoo hana sababu ya kuiona sifuri kuwa ngeni.

23 Mei

Kosa la kwanza kubwa limetokea. Mistari ya daftari naisoma kutoka katika jedwali ambalo mjomba analijaza kwenye kompyuta ya ofisini, na baada ya kugeuza maandishi ya namba kuwa namba, nilikuwa nikipata uzito halisi hivi:

    halisi = mstari[4] - mstari[5]

Ni fupi, na kwa siku tatu za majaribio ilikuwa sahihi. Leo mkulima mmoja wa majaribio amesomeka kuwa na uzito halisi wa hasi 124. Nimefungua jedwali na kukuta mjomba ameongeza safu mpya kati ya jina na idadi ya magunia, ya kuandika magunia matupu aliyokabidhiwa mkulima, kwa kuwa viongozi wa chama wamemtaka aanze kuyafuatilia. Kila kilichokuwa kulia kwa safu hiyo kimesogea nafasi moja. Programu ikachukua magunia 2 kama uzito ghafi na kilo 126 kama uzito wa magunia, na ikatoa kama ilivyoagizwa.

Kama tofauti isingekuwa hasi huenda nisingeiona. Mjomba hakukosea chochote. Jedwali ni lake, na safu ile inahitajika. Kosa ni langu, kwa kuwa nilitumia namba ya nafasi mahali ambapo nafasi haina maana yoyote. Hakuna sababu katika dunia ya mizani inayofanya uzito ghafi uwe hatua ya nne kutoka tarehe. Umewekwa hapo kwa mazoea tu, na mazoea hubadilika siku mtu anapohitaji safu nyingine.

24 Mei

Nimetumia siku nzima kurekebisha usomaji wa mistari. Jaribio la kwanza lilikuwa kuufungua mstari mzima kwa mkupuo mmoja na kuvipa vipengele majina:

    tarehe, namba, jina, magunia, ghafi, tupu = mstari

Napenda sana uandishi huu. Mstari mmoja unafanya kazi ya mistari sita, na kila kitu kinaitwa kwa jina ambalo mjomba mwenyewe analitumia. Pia ni mlinzi mzuri: mstari ukiwa na vipengele saba badala ya sita, Python husimama papo hapo na kulalamika kwamba vipengele vimezidi majina, kwa hiyo safu ile mpya ingegunduliwa kabla ya hesabu yoyote kufanyika.

Tangu Python 3.0 ya mwaka 2008 inawezekana pia kuweka kinyota mbele ya jina moja ili likusanye vyote vilivyobaki:

    tarehe, namba, jina, *mengine = mstari

Nimelijaribu hili na kuliacha. Kinyota kinapokea vipengele viwili, vitano au hata sifuri bila kusema neno, na hivyo kinauondoa ulinzi niliokuwa nikiutafuta. Nitakitumia mahali ambapo urefu wa orodha kwa kweli haujulikani, si kwenye mstari wa daftari ambao urefu wake ni sehemu ya makubaliano.

Hatimaye nimeamua kusoma kila mstari kwa vichwa vya safu, ili nipate mstari["ghafi"] na mstari["tupu"]. Ni herufi nyingi kuliko mstari[4], lakini mjomba anaweza kupanga safu zake anavyotaka, na mtu mwingine yeyote akisoma msimbo huu atajua kinachotolewa katika kingine. Mstari wa daftari na mfululizo wa mizigo ya mkulima vyote nilikuwa nikiviita orodha, kumbe ni vitu viwili. Katika mstari, kila nafasi ina kitu cha aina yake na kinastahili jina. Katika mfululizo, vipengele vyote ni vya aina moja, na nafasi inaeleza zamu ya kuja kwake. Hapo ndipo namba ndani ya mabano ina haki ya kuwepo.

30 Mei

Mizani imefunguliwa rasmi. Nimekaa ghalani tangu saa mbili asubuhi nikiingiza mizigo halisi, vumbi la ufuta likiingia mpaka katikati ya vitufe vya kompyuta.

Kwa kila mkulima nina orodha ya uzito halisi wa mizigo yake kwa mpangilio wa kuletwa. Mjomba anataka kila risiti ionyeshe pia mizigo mitatu ya karibuni, ule mpya ukiwa juu. Katika Python nukta pacha ndani ya mabano hukata kipande cha orodha, na namba hasi huhesabu kutoka mwisho, kwa hiyo kuna njia mbili fupi:

    uzito[:-4:-1]
    uzito[-3:][::-1]

Zote zinatoa jibu moja. Ya kwanza ni fupi zaidi, na ni mbaya. Anayeisoma lazima ajue kwamba hatua ya hasi moja inarudi nyuma, kwamba mwanzo ulioachwa wazi sasa una maana ya mwisho wa orodha, na kwamba namba hasi nne imewekwa ili kupata vitu vitatu. Ya pili inasomeka kama mtu anavyosema: chukua mitatu ya mwisho, kisha igeuze. Nimechagua ya pili bila kusita, hata kama inatengeneza orodha mbili za muda badala ya moja, kwani orodha za vipengele vitatu hazimlemei mtu.

4 Juni

Mnada wa kwanza umepita, malipo yameanza, na leo programu yangu imempa mtu jibu la uongo. Naandika kwa urefu kwa sababu ndilo kosa lililonifundisha zaidi.

Kwa kila mkulima nilikuwa nimehifadhi idadi ya mizigo ambayo haijalipwa, nikaiita n, na mizigo yenyewe nikaipata kwa kuhesabu kutoka mwisho:

    yanayosubiri = uzito[-n:]

Namba hasi katika Python huhesabu kutoka mwisho wa orodha, kwa hiyo uzito[-1] ni kipengele cha mwisho na uzito[-2:] ni viwili vya mwisho. Si kila lugha inakubali hivyo: katika R namba hasi ina maana ya kukiondoa kipengele hicho, na katika JavaScript mabano ya kawaida yenye namba hasi hayahesabu kutoka mwisho, ndiyo maana lugha hiyo iliongezewa njia iitwayo at mwaka 2022. Kwa mkulima wangu wa mfano, n ikiwa 2, uzito[-2:] unatoa [55, 40], yaani kilo 95 zinazosubiri malipo. Nilijaribu kwa 1, kwa 2, kwa 3, yote yakawa sawa.

Adhuhuri amekuja bi mkubwa mmoja ambaye mizigo yake yote mitano ilishalipwa. Mjomba amefungua taarifa yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniita pembeni. "Mjomba, huyu mama amelipwa kila kitu, nimeona kwa macho yangu. Mbona hapa panasema anadai kilo 276?"

Kilo 276 ni jumla ya mizigo yake yote. Kwa kuwa hakuna uliobaki, n ilikuwa 0, na hasi sifuri ni sifuri, kwa hiyo uzito[-0:] ni sawa kabisa na uzito[0:], ambao ni orodha nzima kuanzia mwanzo. Aliyemaliza kulipwa ameonekana kama ambaye hajalipwa hata shilingi. Mjomba alimweleza bi mkubwa kwamba mashine imekosea na kumwonyesha daftari la karatasi, naye aliondoka kwa amani, lakini mimi nimebaki na uzito moyoni. Katika mwezi ambao watu wanagawanya fedha za ada na za mbegu kwa kutazama karatasi ile, jibu la uongo linaweza kumfanya mtu akope kwa kutegemea fedha ambazo hazipo.

5 Juni

Sikulala vizuri, na nimeamka na suluhisho ambalo ningepaswa kulianza nalo. Badala ya kuhifadhi idadi ya mizigo isiyolipwa na kuhesabu kinyumenyume, nahifadhi idadi ya iliyolipwa, kutoka mwanzo, kwa jina la zilizolipwa:

    uzito[:zilizolipwa]
    uzito[zilizolipwa:]

Kipande cha kwanza ni mizigo iliyolipwa, cha pili ni inayosubiri. Katika kukata kipande, namba iliyo kushoto ya nukta pacha inahesabiwa na iliyo kulia haihesabiwi, kwa hiyo namba moja inakuwa mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kinachofuata, bila mzigo kurudiwa wala kurukwa. Zilizolipwa zikiwa 3, upande wa kwanza ni [62, 48, 71], kilo 181, na wa pili ni [55, 40], kilo 95. Ukijumlisha unapata 276. Zikiwa 0, upande wa kwanza ni mtupu na mizigo yote inasubiri. Zikiwa 5, upande wa pili ni mtupu. Hakuna hali ya pekee, na sikuhitaji kuongeza sharti hata moja.

Mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi mwaka 1982 akitetea utaratibu huuhuu: mwanzo uingie, mwisho usiingie, na hesabu ianzie sifuri. Sababu alizozitoa ni kwamba ukitoa mwanzo katika mwisho unapata idadi ya vilivyomo, kwamba vipande viwili vinavyopakana hukutana kwenye namba moja, na kwamba kipande kitupu kinaandikika bila kulazimisha mwisho uwe mdogo kuliko mwanzo. Nilikuwa nikizijua sababu hizo kwa miaka kadhaa kama mtu anavyojua kanuni ya darasani. Leo nimeziona kwenye taarifa ya bi mkubwa: idadi, mpaka, na utupu.

Niongeze jambo dogo ambalo limenichukua nusu saa. Kipande ni orodha mpya. Mjomba aliposahihisha mzigo wa 55 kuwa 54 katika skrini ya mizigo inayosubiri, marekebisho hayakufika kwenye orodha ya asili, kwa sababu skrini ile ilishika nakala. Sasa masahihisho yote yanafanyika kwenye orodha yenyewe, kisha kipande kinakatwa upya.

9 Juni

Taarifa ya asubuhi inaonyesha kilo zilizopokelewa jana na juzi. Niliiandika kwa furaha, kwa kuwa orodha ya jumla za kila siku ilifuata lugha yetu moja kwa moja: siku[-1] ilikuwa jana, siku[-2] ilikuwa juzi.

Leo mjomba alifungua taarifa hiyo saa tano, mizani ikiwa imeshaanza kazi, na jana ikawa na kilo chache mno. Jumla ya leo, ambayo bado ilikuwa ikikua, ilikuwa imeshaingia mwisho wa orodha, na kila siku ikasukumwa nyuma hatua moja. Hasi moja haina maana ya jana. Ina maana ya cha mwisho kilichomo, na mimi ndiye niliyeyachukulia mawili hayo kuwa kitu kimoja.

Sikutaka kuibadilisha iwe siku[-2] na siku[-3], kwa kuwa hapo ingekosea kila asubuhi kabla ya mizani kufunguliwa. Nimeitenga leo kwa jina lake, nje ya orodha, na inaingia pale tu karani anapobonyeza kitufe cha kufunga siku. Orodha sasa ina siku zilizokamilika pekee, na uandishi mfupi niliokuwa nao umebaki kama ulivyo, safari hii ukiwa wa kweli saa zote.

12 Juni

Wanachama wapya ambao hawajaleta mzigo wowote walikuwa wakiisimamisha programu, kwa kuwa orodha yao ni tupu na uzito[-1] hauna cha kurudisha. Python hutoa hitilafu ya IndexError na kusimama. Nilijaribiwa kuandika uzito[-1:], kwa sababu kipande hakilalamiki kamwe: ukikata nje ya mipaka unapewa kilichopo, na kisipokuwepo unapewa orodha tupu. Lakini ukarimu huo una gharama yake, kwani programu ikikata vibaya mahali pengine haitasema lolote. Nimeandika sharti la wazi: kama orodha ina kitu, onyesha mzigo wa mwisho, kama haina, andika kwamba mkulima hajaleta mzigo msimu huu. Ni mistari minne badala ya mmoja, na mjomba ameipenda sentensi ile kuliko nafasi tupu iliyokuwepo.

16 Juni

Kabla ya malipo ya mnada wa pili nimepitia msimbo wote nikitafuta namba zilizoandikwa ndani ya mabano. Zilikuwa 31; zimebaki 6, na zote ni sifuri, hasi moja, hasi mbili au hasi tatu, kwenye orodha ambazo mpangilio wake ni wa wakati. Nimeandika pia majaribio ya kila mkulima wa mfano mwenye mizigo sifuri, mmoja na mitano, akiwa hajalipwa kabisa, amelipwa nusu, na amelipwa yote, na katika kila hali jumla ya vipande viwili inalinganishwa na jumla ya orodha nzima.

Mchana bi mkubwa wa tarehe 4 amekuja kuchukua karatasi yake, safari hii akiwa na mjukuu wa kumsomea. Mjukuu amesoma taratibu kwa kidole: mizigo iliyolipwa mitano, kilo 276, mizigo inayosubiri malipo, hakuna. Bi mkubwa amemwambia arudie mstari wa mwisho, amesikiliza, amekunja karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga.